Kuchagua Pampu Iufaayo Mtambo: Maelezo kwa Wakulima wa Karatu na Mang'ola

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wakulima wadogo wa Karatu: wale wa Mang'ola na Barazani walimao vitunguu kwa maji ya chemchemi, na wale wa Rhotia, Oldeani na Mbulumbulu wapandishao maji kutoka makorongoni ili kumwagilia mboga wakati wa kiangazi. Siku hizi mtu mwenye akiba kidogo aweza kununua mashine ya petroli pamoja na pampu yake katika duka lolote la mjini. Kununua si neno gumu. Lililo gumu ni kupata ile iufaayo mlima wake, maji yake na mfuko wake. Wengi wameinunua pampu kwa sababu mwenye duka aliisifu, au kwa sababu jirani anayo ya namna ile, wakaifikisha shambani wakaona maji yachuruzika tu mwisho wa mpira, na petroli yaisha kabla jua halijapanda.

Kila mtu aliyepata kulima kwa ng'ombe katika nchi hii ajua asili ya jambo hili. Ukiishusha plau chini mno, jozi moja ya ng'ombe hutweta na kusimama kabla ya kufika mwisho wa shamba. Ukiipandisha mno, ng'ombe hutembea kwa raha, lakini udongo umekwaruzwa tu. Nguvu ya ng'ombe haikubadilika; kilichobadilika ni kazi waliyopewa. Wavuvi wa Ziwa Viktoria hupatwa na neno lile lile wachaguapo rafadha, yaani panga lisukumalo maji, kwa mashine ya mtumbwi. Rafadha ishikayo maji mengi katika kila mzunguko huielemea mashine ya mtumbwi uliojaa samaki, isiweze kufikia mizunguko yake. Na ile ishikayo maji machache huiacha mashine ikilia kwa kasi, huku mtumbwi ukienda polepole.

Ndani ya pampu ya mkulima mna gurudumu lenye mapanga, ambalo ni ndugu yake rafadha. Tofauti yake ni kwamba rafadha husukuma maji kwenda nyuma moja kwa moja, na gurudumu la pampu huyashika maji katikati na kuyatupa pembeni kwa nguvu, kama mtu azungushaye kombeo. Katika delta ya mto Mekong, nchi ya Vietnam, wakulima wa miaka ya 1960 waliitia rafadha ya mashine ya boti ndani ya bomba wakaifanya pampu, nayo ikaenea upesi sana. Pampu ya namna hiyo hutoa maji mengi, lakini huyainua mita moja au mbili tu. Yafaa mpunga wa nchi tambarare. Haifai makorongo ya Karatu. Kwa sababu hiyo hapa tutasema habari za pampu ya kutupa maji pembeni, ambayo ndiyo iuzwayo madukani mwetu.

KIMO NA WINGI WA MAJI

Juu ya pampu pameandikwa namba mbili. Ya kwanza ni kimo, yaani mita ngapi pampu yaweza kuinua maji. Ya pili ni wingi, yaani lita ngapi kwa dakika. Pampu nyingi za inchi 3 huandikwa kimo cha mita 25 hata 30, na wingi wa lita 1,000 hivi kwa dakika. Mnunuzi huzisoma namba hizi mbili akadhani ya kuwa atapata lita 1,000 kwenye kimo cha mita 30. Hatazipata kamwe. Kwenye kimo cha mita 30 pampu hiyo haitoi hata tone. Maji husimama mpirani yakitetemeka. Na lita 1,000 hutoka pale tu ambapo hapana mlima wowote wa kupanda. Kazi ya kweli iko katikati ya namba hizo mbili. Pampu iliyotengenezwa vizuri huja na karatasi yenye mstari uliopinda, uonyeshao wingi wa maji katika kila kimo. Mwombe mwenye duka karatasi hiyo. Asipokuwa nayo, chukua pampu ambayo kimo chake kilichoandikwa chapita kimo chako kwa nusu yake tena: mwenye haja ya mita 18 atafute pampu iliyoandikwa mita 27 au zaidi.

Kuna na pampu za kimo kikubwa, za mita 50 na kupita, zenye mdomo mdogo. Hizo ni kwa mtu ambaye shamba lake liko juu sana ya mto. Mtu wa nchi tambarare akiinunua kwa kudhani kwamba nguvu nyingi ni baraka, atalipa petroli kwa nguvu asiyoihitaji. Tena kuna jambo liwashangazalo wengi: ukiziba kidogo mdomo wa mpira wa pampu hizi za kutupa maji pembeni, mashine hupata nafuu badala ya kuelemewa, kwa kuwa maji yapitayo yamepungua. Mashine huelemewa hasa pale maji yanapotoka bure, bila mlima. Pampu ya rafadha ni kinyume chake. Hiyo ukiiziba, mashine hulemewa.

KUVUTA MAJI

Pampu haivuti maji kama mtu avutavyo kamba. Yenyewe huondoa hewa ndani ya mpira wa kuvutia, na uzito wa hewa ya nje ndio uyasukumao maji yapande. Usawa wa bahari, uzito huo hauwezi kuyapandisha maji kupita mita 10 na sehemu kidogo, hata kama pampu ingekuwa kamilifu. Hapa kwetu hewa ni nyepesi zaidi. Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, iko yapata mita 1,050 juu ya bahari. Mji wa Karatu yapata mita 1,500. Na ukingo wa kasoko ya Ngorongoro yapata mita 2,300. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, nguvu ya kuvuta hupungua kwa zaidi ya mita moja. Kwa hiyo ile mita 8 iandikwayo kitabuni na mtengenezaji ni ya watu wa pwani. Mkulima wa Karatu asitegemee kuvuta zaidi ya mita 5 kutoka juu ya maji mpaka kwenye pampu, na mita 2 au 3 ni bora zaidi. Iweke pampu karibu na maji, uiache isukume. Kusukuma ndiyo kazi iiwezayo.

Mpira wa kuvutia uwe mgumu usiobonyea, mfupi, na upana wake usiwe chini ya mdomo wa pampu. Mwisho wake uwe na chujio, nalo lisilale katika mchanga. Lifunge katika ndoo au kikapu. Kitundu kidogo cha kuvuja, ambacho upande wa kusukuma kingetoa matone tu, upande wa kuvuta huingiza hewa na kuizuia kazi yote. Kabla ya kuiwasha mashine, ijaze pampu maji. Pampu ikizunguka kavu kwa dakika chache, lakiri ya ndani huungua.

Hapa yatupasa kusema neno zito. Visima vikishuka wakati wa kiangazi na pampu ikishindwa kuvuta, watu wengine huishusha mashine ya petroli ndani ya kisima, juu ya kichanja, ili iwe karibu na maji. Jambo hili huua. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hujaa kisimani, wala haitoki upesi hata baada ya mashine kuzimwa. Mtu ashukaye kuiwasha, au kuizima, hulegea magoti na kuanguka asijue kilichompata. Na ndugu yake akishuka kumwokoa, huanguka juu yake. Usiishushe mashine ya petroli wala ya dizeli ndani ya kisima kamwe, hata kama kisima ni kipana, hata kama ni kwa dakika tano. Kisima kilichopita kimo cha kuvuta chataka pampu izamayo majini iendeshwayo kwa umeme au kwa nguvu za jua, au pampu ya mkono.

MIPIRA HULA NGUVU

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Kwa hiyo shamba la halali halipo mtoni, na mpira wa mita 100 si anasa. Lakini mpira huo hula nguvu. Maji yapitayo husuguana na kuta zake, na msuguano huo ni sawa na mlima mwingine usioonekana kwa macho.

Tazama hesabu hii. Lita 500 kwa dakika zikipita katika mpira laini wa inchi 3 wenye urefu wa mita 100, msuguano ni sawa na kuinua maji mita 5 zaidi. Lita zizo hizo zikipita katika mpira wa inchi 2, msuguano ni sawa na mita 35. Mkulima aliyeipunguza inchi moja ili kuokoa fedha dukani amejijengea mlima wa mita 30 kati ya mto na shamba lake. Pampu haitaweza kuupanda. Itapunguza maji mpaka yapate kupita, yapata lita 300 kwa dakika katika mfano tutakaoutoa hapa chini. Kazi ya saa 5 itakuwa ya saa 8 na zaidi, kila mara, msimu mzima. Kama fedha hazitoshi kununua vyote vilivyo vizuri, afadhali kununua pampu ndogo na mpira mpana kuliko pampu kubwa na mpira mwembamba. Mpira uliokunjika, au uliopigwa kona kali kwenye mti, nao huongeza mlima.

HESABU YA SHAMBA MOJA

Tuseme mkulima wa Mang'ola ana ekari moja ya vitunguu. Juani mwa nchi ile, vitunguu vilivyokomaa majani hutumia maji ya kina cha milimita 5 hivi kwa siku. Katika ekari moja hizo ni lita 20,000 kwa siku. Akimwagilia kila siku ya tano, ni lita 100,000. Na kwa kuwa mfereji wa udongo hunywa theluthi ya maji kabla hayajafika majarubani, yampasa kutoa lita 150,000. Pampu itoayo lita 500 kwa dakika itazimaliza kwa saa 5. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa kimo. Kutoka juu ya maji hata kwenye pampu ni mita 2. Kutoka pampu hata kichwa cha shamba ni mita 9. Msuguano wa mpira wa inchi 3, mita 100, ni mita 5. Chujio, kona na maungio, mita 2. Jumla mita 18. Ukizidisha lita 500 kwa mita 18, kisha ukigawanya kwa 4,500, utapata 2. Hiyo ndiyo nguvu ya farasi iingiayo katika maji yenyewe. Lakini pampu ndogo hupoteza karibu nusu ya nguvu ipewayo, basi mashine yapaswa kutoa nguvu ya farasi 4. Wala si vema kuitumikisha mashine kwa nguvu zake zote mchana kutwa. Iwe na akiba ya sehemu moja katika tano. Kwa hiyo yatakiwa mashine ya kutoa 5.

Hapo tena nchi yetu ya juu hudai sehemu yake. Mashine huchoma petroli kwa hewa, na hewa ikiwa nyepesi nguvu hupungua yapata sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Mashine iliyoandikwa 5.5 hutoa pungufu kidogo ya 5 huko Mang'ola, nayo yatosha kwa shida. Karatu hutoa 4.7 tu. Mkulima wa Rhotia mwenye kimo kile kile anunue ya 6.5. Tena, mashine iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani hupewa petroli nyingi mno kwa hewa ya huku. Alama zake ni moshi mweusi, plagi iliyojaa masizi, na tangi liishalo upesi. Fundi aweza kuitia kabureta kitundu kidogo zaidi cha kupitishia petroli. Lakini kwanza na asafishe chujio la hewa, maana vumbi la Mang'ola hufanya dalili zizo hizo, na kulisafisha hakugharimu kitu.

Mashine ikitoa nguvu ya farasi 4 hunywa petroli yapata lita 1 na robo kwa saa. Kwa saa 5 ni lita 6 na robo; na katika siku 100 za kumwagilia, yaani mara 20, ni lita 125. Mkulima azidishe kwa bei ya petroli ya siku hiyo kabla hajanunua mashine, maana gharama hiyo hurudi kila msimu, na bei ya vitunguu haimngoji mtu. Wako ambao baada ya hesabu hii huona heri kuusakafia mfereji kwanza, ile theluthi ya maji isinywewe na udongo, kuliko kununua mashine kubwa.

MKANDA NA PULI

Wenye mashine ya dizeli ya kusaga mahindi huweza kuifunga pampu kwa mkanda, na hapo ndipo mkulima ajichaguliapo mwenyewe mwendo wa mapanga, kama mvuvi achaguavyo rafadha. Sheria za gurudumu la pampu ni tatu. Wingi wa maji hufuata mwendo. Kimo hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Nguvu itakiwayo hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara mbili. Maana yake ni kwamba pampu ikipunguzwa mwendo mpaka sehemu 8 katika 10, maji hushuka mpaka sehemu 8, kimo mpaka sehemu 6 na kidogo, na nguvu itakiwayo mpaka karibu nusu.

Tuseme mashine huzunguka mara 2,200 kwa dakika na puli yake ni ya inchi 6, na pampu yataka mizunguko 2,900. Zidisha 6 kwa 2,200, ugawanye kwa 2,900: puli ya pampu iwe ya inchi 4 na nusu. Fundi akikuletea ya inchi 4 kwa sababu ndiyo aliyo nayo, pampu itazunguka mara 3,300, nayo itataka nguvu karibu mara moja na nusu ya ile ya kwanza. Mashine itatoa moshi mweusi na kuchemka. Mkanda utateleza na kunuka. Akileta ya inchi 5, pampu itazunguka mara 2,640, na kimo cha mita 30 kitakuwa mita 25. Hiyo ya pili haidhuru kitu ikiwa mlima wako ni mdogo. Ya kwanza huiua mashine. Ukiwa na shaka, anza na puli kubwa upande wa pampu.

MAJI NI YA NANI

Mito na chemchemi za Karatu hulishwa na misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro, inasayo mvua na ukungu. Maji hayo hushuka kupitia mashamba mengi, na chini yako wako wengine: wenye vitunguu, Wadatoga na mifugo yao, Wahadzabe. Kwa hiyo kabla ya kuchagua wingi wa pampu, upime mkondo. Mahali maji yaangukapo, kinga pipa la lita 200 na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 20, mkondo ni lita 600 kwa dakika. Pampu ya lita 1,000 hapo itaukausha, kisha itavuta hewa na kuungua, na jirani wa chini atakuja na maneno yake kabla ya jioni. Mkondo mdogo wafaa pampu ndogo na saa nyingi, au birika la kukusanyia maji usiku.

Kuvuta maji kwa mashine kwahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa nchi ya Eyasi huombwa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Kati. Jumuiya ya watumia maji ya mahali pako ndiyo ipangayo zamu, na Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata aweza kukuonyesha pa kuanzia. Maji ya Ziwa Eyasi lenyewe ni ya chumvi na magadi. Usiyatie shambani kwa pampu ya namna yoyote.

KUIJARIBU

Usimalize malipo kabla ya kuona pampu ikifanya kazi, ikiwezekana shambani pako penyewe, kwa mpira wako, kwenye kimo chako. Pandisha mpira hata kichwa cha shamba, weka pipa la lita 200, uhesabu. Likijaa kwa sekunde 24, umepata lita 500 kwa dakika. Likichukua sekunde 40, usiilaumu pampu mara moja. Tazama maungio ya mpira wa kuvutia kama yanaingiza hewa. Yapake udongo laini uone kama maji yataongezeka. Tazama chujio. Nyosha mpira. Sikiliza mashine: ikilia kwa kasi na maji ni machache, kuna hewa au kuna kizuizi upande wa kuvuta, ikinguruma kwa uzito na kutoa moshi, imeelemewa. Ukiisha kuyatazama hayo yote na pipa likawa bado lachelewa, pampu hiyo si ya mlima wako. Irudishe dukani ingali safi.